Kiti Changu Kimo Kwenye Ramani

Yakhe, mie sina ugomvi na wataalamu wa mipango miji. Ni watu wazuri, wanavaa viatu safi, na wakija mtaani hutuamkia kwa adabu. Ugomvi wangu ni na mashine yao ya fotokopi.

Lakini tuanze mwanzo. Nakaa Michenzani, jumba la treni, ghorofa ya nne. Mgeni akiuliza kwa nini tunaliita treni, mpeleke asimame upande mmoja atazame upande wa pili. Jumba moja lina urefu wa kama mita 300, madirisha yamefuatana kama mabehewa. Unguja tulikuwa na treni ya kweli, ya mjini kwenda Bububu, ikaacha kazi miaka ya 1920. Hii yetu imejengwa enzi za Mzee Karume, imesimama pale pale, na nauli bado tunalipa kila siku kwa magoti.

Magoti yangu yanajua idadi ya ngazi kuliko mie. Ndiyo maana mama watoto kabuni usafiri wake: kikapu na kamba. Muuza mboga akipita chini, kikapu kinashuka na pesa, kinapanda na mchicha. Siku moja nilikuwa dirishani natazama, kikapu kikafika ghorofa ya pili kikasita kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha kikaendelea. Kilipofika kwetu mchicha upo, ndimu hazimo. Toka siku hiyo jirani wa ghorofa ya pili akinikaribisha chakula, nanusa ndimu kabla ya kusema bismillahi.

Na usiniulize habari ya mbuzi wa Idi. Nilimnunua siku mbili kabla, bei nafuu, nikampandisha mwenyewe nikamfunga kibarazani. Usiku kucha kalia. Asubuhi treni nzima inanisalimia kwa swali moja: "Mzee, unachinja saa ngapi?" Sijui walitaka nyama au walitaka usingizi.

Sisemi jumba ni baya. Anayesifu sana nyumba ya udongo na makuti hajawahi kusogeza kitanda mara tatu usiku mmoja wa masika akitafuta pahala pasipovuja. Sisi tulikuwa nayo, hapa hapa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ikavunjwa kupisha barabara pana na majumba. Nilikuwa mtoto. Baba akakabidhiwa ufunguo, akaingia, akawasha taa saa sita mchana, akaizima, akaiwasha tena. Akafungua bomba. Akavuta maji ya choo, akangoja, akavuta tena kuhakikisha haikuwa bahati tu. Alipomaliza kuzunguka vyumba vyote akasimama ukumbini, akauliza, "Sasa baraza iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Waliochora majumba haya ni Wajerumani wa Mashariki, na kwao baridi. Mtu wa baridi ukimwambia achore nyumba atakuchorea ndani tu. Nje ataiona ya nini? Nje kwao ni pahala pa kupita mbio ukitoka basi.

Baba hakulalamika. Jioni ile ile akachukua mkeka, akateremka ngazi zote, akautandika mlangoni kwa chini. Kesho yake mikeka ikawa mitatu. Mpaka anafariki, baba alilala ghorofa ya nne lakini alikaa chini.

Maana baraza si kiti tu, jamani. Mjini Mkongwe baraza ni ya mawe, imejengwa pamoja na ukuta, na masika maji yakijaa njiani watu hupita juu yake, nayo ikawa barabara. Kwetu Ng'ambo ilikuwa ya udongo, na kila Idi inapakwa chokaa. Hapo ndipo ndoa zinapounganishwa, maiti zinapotangazwa, madeni yanapodaiwa kwa mafumbo. Bei ya samaki changu inajulikana barazani kabla ngalawa haijafika ufukweni. Mzee asipotokea siku mbili, ya tatu watu wako mlangoni kwake. Sasa hivi kuna vijana wanasomea mambo hayo miaka minne, wanayaita ustawi wa jamii. Sisi tulikuwa nayo bure, na kahawa juu yake.

Basi nikwambie, mji huu si kwamba haukupangwa. Umepangwa mpaka umechoka. 1923 alikuja Mwingereza mmoja, Lanchester, na mpango wake. 1958 ukaja wa Mwingereza mwengine. 1968 Wajerumani wa Mashariki. 1982 Wachina. Kila anayekuja ana ramani yake mkononi, na kila anayekuja anaikuta Ng'ambo ishajipanga kabla yeye hajafungua kalamu. Watu hawa ndio waliogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928, na mkoloni yuko hapo hapo anawatazama. Leo wewe utegemee wakusubiri uje uwapimie uchochoro?

Wataalamu husema Ng'ambo imejengwa ovyo. Ovyo kwa anayetazama kutoka angani. Ukiwa chini, kila uchochoro unajua kwa nini umepinda. Huu umepinda kwa sababu bibi fulani alikataa kata kata mwembe wake ukatwe. Na hapo napo pana maneno: tuna Mwembetanga, tuna Mwembeladu, tuna Mwembeshauri, tuna Miembeni. Mitaa yote hiyo, huo mwembe wenyewe utautafuta na tochi. Kuna mtaa mwengine unaitwa Sogea. Nenda Sogea leo, uone kama kuna pa kusogea.

Na kusongamana tumesongamana, hilo sibishi. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao laki tano na ushei waliozidi, serikali inasema wametawanyika Unguja na Pemba. Mie nakwambia wote wana gari, na wote wamezipaki mbele ya ngazi yetu.

Sasa ndiyo tufike kwenye mkutano.

Sheha katangaza: wataalamu wanakuja skuli kukusanya maoni ya wananchi, makaazi bora na ustawi wa jamii, na sambusa zitakuwepo. Kwa ajili ya maoni tulikwenda wawili. Kwa ajili ya sambusa tulijaa ukumbi.

Aliyeongoza alikuwa binti mmoja mzuri wa tabia, Mungu amhifadhi. Katandika ramani kubwa ya mtaa juu ya meza nne, akatugaia vikaratasi vya gundi. Kijani unabandika pahala panapokufurahisha. Chekundu unabandika panapokuudhi. Akamgeukia fundi baiskeli: "Babu, wewe hapa mtaani unajisikia raha wapi zaidi?"

"Kwa mke mdogo."

Ukumbi ukaanguka. Binti akacheka naye, akasema babu, kwa mke mdogo hapamo kwenye ramani. Fundi baiskeli akamwambia kwa sauti ndogo, "Na usipatie, mwanangu. Mke mkubwa yuko nyuma yako." Maalim wa chuoni yeye alitaka kujua kama chekundu unaruhusiwa kumbandika mtu. Akakatazwa, lakini jioni nilikiona kwenye mgongo wa mjumbe mmoja.

Tulipotulia, sisi wazee wa baraza, kumi na mmoja kwa hesabu, tukaenda mezani mmoja mmoja. Bila kupanga, wallahi bila kupanga, kila mmoja kabandika kijani chake pahala pamoja: chini ya mti wa mkungu, mkabala na ngazi yetu, anapoweka muuza kahawa dele lake. Hapo ndipo baba alipotandika mkeka. Sasa tuna viti. Changu ni cha plastiki, chekundu. Mguu wa nne ulikatika siku aliyokikalia shemegi yangu wa Fuoni, nikauwekea tofali, na tangu hapo hakuna wa kukiazima. Vikaratasi vilipandana pale mpaka vikafura kama chapati. Binti kavitazama, kanitazama, akasema, "Babu, nimeelewa." Nami nilimuona kweli kaelewa. Nilipanda ghorofa ya nne siku ile bila kupumzika ya pili.

Ikapita miezi. Tukaitwa tena. Sambusa zimekuwa ndogo, na binti hayupo, kahamishiwa kazi nyengine. Kaja kijana na tai, na picha kubwa ukutani. Mtaa wetu kwenye picha ulikuwa mzuri mpaka nikatamani kuhamia. Miti imenyooka, watoto wana mipira, kuna mama wa kizungu anasukuma kigari cha mtoto, sijui ni mke wa nani. Na pale chini ya mkungu, herufi moja: P.

Nikanyanyua mkono. "Mwanangu, hiyo P ndiyo nini?"

"Maegesho, mzee. Takwimu za maoni yenu zimeonyesha hapa ndipo penye kero kubwa kuliko pote. Vikaratasi kumi na kimoja."

"Lakini vyetu vilikuwa vya kijani."

Kijana kafungua faili, katoa ramani, katuonyesha. Subhanallah. Ramani imetolewa fotokopi. Na fotokopi haina rangi. Kijani cheusi, chekundu cheusi. Raha yetu na karaha ya watu wengine zote zimelala pale kwenye karatasi kama punje za pilipili manga. Kumi na moja pahala pamoja, yeye ndugu yangu atafahamu nini? Kasoma msongamano, kaandika msongamano, kautafutia dawa.

"Na sisi wazee tutakaa kitako wapi?"

"Mmetengewa eneo la mapumziko, mzee." Akaonyesha kipande cha nyasi chembamba katikati ya barabara mbili. Kukifikia lazima uvuke njia ya daladala. Fundi baiskeli akauliza kama hayo mapumziko ni ya jioni au ni ya milele.

Tukaandika barua. Ikapokewa vizuri, ikagongwa muhuri, tukapewa nakala. Fotokopi.

Wiki mbili hazikufika wakaja vijana na ndoo ya rangi nyeupe. Wakapiga mistari kutoka ngazi yetu mpaka mwisho wa jumba. Mkungu haukukatwa, nashukuru, ila mizizi yake imo nafasi ya saba. Muuza kahawa naye yumo nafasi ya saba. Basi na sisi jioni tukachukua viti vyetu tukaenda nafasi ya saba kama kawaida, na kwa kweli tulipata raha zaidi, maana mistari imetuonyesha mwisho wetu, na gari haliingii panapokaliwa. Siku nne tukakaa kwa amani. Ya tano akatokea kijana na koti la kung'aa na mashine ya risiti.

"Shikamooni wazee. Hapa ni maegesho."

"Marahaba. Tunajua. Tumeegesha."

Akatazama huku na huku. "Mmeegesha nini?"

Nikampigia kiti changu konzi. Kijana kacheka, kisha kaona sisi hatucheki, naye akaacha. Masikini, si kosa lake. Ana hesabu ya kupeleka jioni, na nafasi ya saba lazima isome kitu. Akasema kwa upole kwamba nafasi ikitumika sharti ilipiwe, na kama hatulipi tuondoe. Maalim wa chuoni akamuuliza bei. Akasema gari la magurudumu manne bei yake hii, bajaji nusu yake, Vespa chini ya hapo.

Hapo ndipo baraza ilipochangamka. Toka nizaliwe sijaona kesi tamu kama ile. Fundi baiskeli, ambaye ndiye mtaalamu wetu wa magurudumu, akatoa hoja kwamba kiti hakina gurudumu hata moja, kwa hiyo bei yake ni sifuri. Kijana akajibu kwamba mashine haikubali sifuri, ameshajaribu. Baharia mstaafu akataka tuhesabiwe kama chombo kilichotia nanga, tupelekwe bandarini. Mama watoto alikuwa dirishani anafuatilia, akapiga kelele kutoka juu kwamba kama ni mzigo usiotembea basi wanitoze mie. Muuza kahawa akammiminia kijana kikombe, akampa na kashata, kijana akavuta ndoo akaipindua akakaa. Alipomaliza kikombe cha pili akatoa hukumu: mguu utahesabiwa gurudumu. Kiti cha miguu minne, bei ya gari.

Wenzangu wakaguna, wakaanza kutafuta mifukoni. Mie nikanyanyuka taratibu, nikakipindua changu, nikamuonyesha. Miguu mitatu. Tofali si mguu.

Kijana akakizunguka. Akakitikisa. Akalitoa tofali, akaliweka pembeni, kiti kikalala ubavu. Akabonyeza mashine yake, akauliza namba ya usajili. Nikamwambia aandike "chekundu".

Risiti ninayo, nimeiweka pamoja na cheti cha ndoa. Imeandikwa bajaji, nafasi ya saba. Na jana jioni, niliposhuka, nimekuta wazee wenzangu wanne wamekaa chini ya mkungu, kila mmoja na msumeno.