Karatasi ya Mavazi ya Melini Iseme Waziwazi

Shati nililomshonea mwalimu mmoja mstaafu wa Kibosho lilikataliwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula wa meli ya kitalii, katikati ya Bahari ya Mediterania, na tangu siku aliponisimulia habari hiyo suala la mavazi ya chakula cha jioni melini halijanitoka kichwani. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na meli za namna hiyo nazijua kwa yale wanayonieleza wateja wangu na kwa karatasi wanazoniletea. Hata hivyo mavazi ndiyo kazi yangu, na karatasi hizo nazisoma mstari kwa mstari kabla sijashika mkasi.

Safari ile Mwalimu na mkewe walilipiwa na binti yao anayeishi Uingereza. Kampuni yenyewe sitaitaja. Karatasi yake ya maelekezo ilisema tu kwamba jioni wageni wavae nadhifu na kwa starehe, nasi tukaelewa hivyo. Nilimshonea Mwalimu shati la kitenge cha kahawia na dhahabu, la mikono mifupi, lenye kola iliyosimama vizuri na pindo la kuvaliwa nje ya suruali. Nilikula karibu nusu yadi ya ziada ili ua la upande wa kulia likutane na ua la upande wa kushoto kwenye mstari wa vifungo, hata ukilifunga shati usione mahali lilipokatwa. Mkewe nilimshonea gauni refu la kitenge hicho hicho, pamoja na kilemba.

Jioni ya pili ya safari walipofika mlangoni, kijana wa mapokezi alimwambia Mwalimu, kwa adabu kubwa, kwamba siku hiyo wanaume wanatakiwa kuwa na koti. Hapo hapo akapita mgeni mwingine aliyevaa koti juu ya fulana isiyo na kola, akakaribishwa ndani. Mama angeruhusiwa kuingia, kwani gauni lake halikuwa na kasoro yoyote machoni pao, lakini aligeuka na kumfuata mumewe hadi kwenye bafe ya ghorofa ya juu, akashika trei na kilemba chake kichwani. Waliporudi Moshi, Mwalimu alikuja barazani kwangu, akalitandaza shati juu ya meza yangu ya kukatia, akasema, “Mwanangu, hili shati halina kosa. Kosa ni kwamba hawakuniambia.”

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki wamehitimisha kwamba masharti ya mavazi melini yafutwe yote, kila mtu ale alivyovaa. Mimi nimehitimisha kinyume chake. Masharti yabaki, tena yale ya usiku rasmi yabaki na uzito wake, ila yaandikwe kwa maneno ambayo mgeni wa mara ya kwanza, aliyetoka mbali na asiye na wa kumuuliza, anaweza kuyafuata bila kubahatisha. Kilichomwaibisha Mwalimu hakikuwa sharti la koti. Tungeambiwa koti, ningeshona koti. Kilichomwaibisha ni sharti lililofichwa nyuma ya neno laini, ambalo waliozoea safari hizo wanalijua tayari na mgeni analigundua akiwa mlangoni, mbele ya watu.

Ni kweli kwamba desturi yenyewe ilizaliwa kwa watu wa tabaka la juu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Koti fupi la jioni ambalo leo Wamarekani huliita taksido, nyumba ya mafundi ya Henry Poole ya Savile Row, London, ndiyo inayotajwa kulishona mwaka 1865 kwa ajili ya Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, ambaye alitaka vazi jepesi kuliko koti refu la mkia kwa chakula cha nyumbani kwake Sandringham. Jina la taksido lilitoka Tuxedo Park, katika jimbo la New York, ambako klabu ya matajiri ilifunguliwa mwaka 1886. Katika meli kubwa zilizovuka Atlantiki enzi hizo, abiria wa daraja la kwanza walivaa rasmi karibu kila jioni, isipokuwa usiku wa kwanza na wa mwisho, kwa kuwa masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yalikwisha kufungwa. Napenda sana kipengele hicho, kwa sababu kinaonyesha kwamba hata watu wale waliokuwa wakali wa desturi walijua kuilegeza pale ambapo mgeni asingeweza kuitimiza. Abiria wa daraja la tatu hakuna aliyemuuliza amevaa nini.

Siku hizi masanduku makubwa hayapo. Mtu anapanda ndege KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, na begi la kilo 23, anabadilisha ndege mara moja au mbili, ndipo aifikie meli, na kubeba suti, viatu vya ngozi na gauni refu kwa ajili ya jioni mbili katika safari ya siku saba ni mzigo wa kweli. Kampuni zimeliona hilo. Norwegian Cruise Line ilianza mwaka 2000 mtindo wa kula unapotaka na ulivyo, bila usiku rasmi wa lazima, na mwaka 2015 Celebrity nayo ikaziondoa jioni zake rasmi na kuweka jina jingine lenye maana pana zaidi. Silaumu nia yao. Ila kila jina pana likiingia mahali pa jina lililo wazi, tafsiri inahamia kwa mtu wa mlangoni, na mtu wa mlangoni ana macho yake na mazoea yake. Shati la kitenge kwake linaweza kuwa vazi la ufukweni, hata kama kwetu ndilo tunalovaa kanisani siku ya ubatizo.

Upande wa pili ipo mifano ya kampuni zinazosema zinachotaka. Cunard, yenye meli ya Queen Mary 2 inayovuka kati ya Southampton na New York kwa kawaida kwa usiku saba, inaeleza kwamba katika jioni zake za gala mwanamume avae taksido au suti ya rangi iliyokolea pamoja na tai, mwanamke avae gauni la jioni au vazi la hadhi hiyo, na kwamba vazi rasmi la taifa la mgeni linakubaliwa. Asiyetaka kuvaa hivyo anaambiwa mapema ni sehemu zipi za meli anaweza kula na kukaa jioni hiyo kama alivyo. Wapo wanaoona masharti hayo ni magumu. Mimi nikiyasoma kama fundi naona heshima kwa mgeni, kwa sababu naweza kuyapeleka moja kwa moja mezani na kuyakata.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu hapa Kilimanjaro. Kadi ya harusi ya Moshi husema rangi. Kamati hukaa wiki nyingi, hugombana kidogo kuhusu maruni na dhahabu, kisha uamuzi unaandikwa na kila mwalikwa anajua, tangu wajumbe wa kamati wenye sare yao hadi shangazi anayetoka Rombo na gauni la kuazima. Sijawahi kumwona maskini akiaibika katika sherehe ambayo rangi ilitangazwa mapema, kwa sababu muda anao: anatafuta mtandio, anaazima tai kwa jirani, anakuja kwangu nimpunguzie suruali kiuno. Wanaoaibika ni wale walioambiwa “vaa tu vizuri” kisha wakakuta ukumbi mzima una rangi moja.

Hoja kwamba mavazi rasmi ni ya wenye fedha pekee nayo nina la kuijibu, na jibu langu linatoka soko la Memorial. Mara kwa mara belo la mitumba likifunguliwa pale hutoka koti jeusi ambalo muuzaji analiita koti la suti na kulining'iniza pamoja na mengine. Ukiligeuza kwenye mwanga utaona kola yake imefunikwa satini, vifungo vyake vimevikwa kitambaa hicho hicho, na kama suruali yake imebahatika kusafiri nalo, ina utepe mmoja wa satini unaoshuka ubavuni mwa mguu kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Hilo ni taksido kamili. Satini iliwekwa hapo ili ishike mwanga wa taa wakati wa usiku, ndiyo maana koti hilo likivaliwa asubuhi kwenye ibada huonekana kama limepotea njia. Nimekwisha kuyarekebisha kadhaa: nikatoa bitana iliyochanika, nikapunguza mabega, nikarudisha mikono ili kafu ya shati ionekane kidogo. Mtu aliyeajiriwa kwa mshahara wa kawaida anaweza kulipata, mradi ajue mapema kwamba ndilo linalotakiwa.

Lakini kwa mteja wangu Mtanzania, shauri langu la kwanza si taksido. Pale karatasi inaporuhusu vazi la taifa, hapo ndipo mlango wetu ulipo, nasi hatujautumia ipasavyo. Mskoti anaingia na kilti yake, Mhindi na sherwani, Mfilipino na barong, Mnaijeria na agbada yake inayojaza mlango mzima, wala hakuna anayewauliza koti liko wapi. Sisi tumeunda kamati ya vazi la taifa zaidi ya mara moja, na hadi leo mtu akiniuliza vazi rasmi la Mtanzania mwanamume ni lipi, namjibu kwa majina matatu au manne. Kanzu, koti na kofia ya kiua ni vazi lenye hadhi ya jioni bila ubishi, na Mtanzania wa Pwani anayesafiri nalo hana haja ya kushona kingine. Tatizo ni sisi wa bara, ambao tumezoea kitenge kiwe shati la mikono mifupi, tukadhani kitambaa peke yake kinatosha kulifanya vazi kuwa rasmi.

Hapo nilikosea mimi mwenyewe, na nimejifunza. Urasmi wa jioni, katika karibu kila taifa ninalolifahamu kwa mavazi, unakaa kwenye umbo: mikono mirefu, shingo iliyofungwa au kola iliyonyooka, urefu unaofunika nyonga, mistari isiyokatwakatwa. Binti wa Mwalimu alipowalipia safari ya pili, safari hii kwa meli ambayo karatasi yake ilitaja vazi la taifa kwa maneno kamili, nilikata koti refu jeusi la shingo ya kusimama, lenye vifungo vitano vilivyovikwa kitambaa, na kile kitenge cha kahawia na dhahabu nikakiweka ndani kama bitana na nje kama utepe mwembamba, usiozidi upana wa kidole, unaozunguka shingo na kushuka kwenye mstari wa vifungo. Koti lile lilinichukua siku sita. Kola niliifumua mara mbili kwa sababu utepe ulikuwa ukivuta upande mmoja, na Mwalimu ni mtu anayesimama wima. Kasoro ya shingoni ingeonekana toka mwisho wa ukumbi.

Walinitumia picha kutoka mezani. Mama amevaa gauni lile lile la safari ya kwanza, na kilemba kile kile.

Najua pia kwamba sharti lililo wazi linaweza kuwa sharti baya. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alizuia suti za Kaunda bungeni, wakati ni vazi ambalo Rais wa nchi hiyo mwenyewe hulivaa mara kwa mara na ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wameishi nalo kwa miongo mingi. Lilikuwa wazi, nami sikubaliani nalo hata kidogo. Lakini kwa kuwa liliandikwa, watu walilisoma, walilijadili na walilipinga kwa hoja. Neno “nadhifu” huwezi kulipinga. Ukilalamika utaambiwa hukuelewa.

Ninachokiomba kwa kampuni hizi ni sentensi tatu au nne, ziandikwe kwenye karatasi ambayo mgeni anaipata siku anapolipia na si siku anapopanda meli: ni jioni zipi za safari ambazo ni rasmi, mwanamume anahitaji koti au hahitaji, vazi rasmi la taifa linakubaliwa au la, na asiyevaa hivyo atakula wapi. Kama koti linaweza kuazimwa melini, liandikwe hilo nalo.

Wiki iliyopita Mwalimu amekuja na karatasi ya safari ya tatu. Baada ya salamu nimeisoma yote, mbele na nyuma, na juu ya chakula cha jioni imeandikwa neno moja tu, kwamba wageni wavae kwa umaridadi. Nimemwomba amwambie binti yake aiandikie kampuni na kuuliza habari ya koti, na jibu lije kwa maandishi. Kitambaa alichokileta, kitenge cha bluu iliyoiva chenye majani meupe, kipo juu ya meza yangu na chaki yake, hakijakatwa.