Kutoka Tukuyu hadi London si saa tisa

Shangazi yangu alipokuwa anajiandaa kwenda kumwona binti yake London, tulikaa sebuleni kwake Tukuyu tukaandika kwenye simu: Songwe, yaani uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi London. Jibu likaja papo hapo, kilomita kama 7,450, muda wa saa tisa na dakika kadhaa. "Ni saa tisa tu, shangazi." Akatuamini. Dawa zake za presha akazifungasha ndani ya sanduku kubwa, katikati ya vitenge na majani ya chai ya Rungwe. Pale Dar sanduku likakabidhiwa, likaingia tumboni mwa ndege, na hakuliona tena hadi kesho yake mchana.

Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ile namba yenyewe si ya uongo. Chukua lile tufe la dunia la darasani, bana uzi kwa kidole pale Mbeya, uvute ukaze hadi London. Utapita juu ya Kongo, jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania. Simu hupima uzi huo, kisha hugawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kilomita 800 na ushee kwa saa, na kuongeza kidogo kwa kupaa na kutua. Ukivuta uzi kutoka Dar es Salaam unapata kama 7,500. Maana yake Songwe iko karibu zaidi na London kuliko Dar ilivyo! Nilipima mara mbili ndipo nikakubali.

Lakini hakuna ndege ya abiria inayofuata uzi huo. Ukitoka Songwe unaanza kwa kuipa London kisogo: kilomita 690 hivi kuelekea mashariki hadi Dar, karibu saa moja na nusu. Shangazi alipitia Doha, saa sita nyingine, kisha saa saba hadi London. Jumla ni karibu kilomita 9,750, kama 2,300 juu ya zile tulizomsomea, na saa 14 na nusu angani peke yake.

Na bado hujahesabu ardhini. Tukuyu hadi Uyole, halafu foleni ya malori yanayokwenda Tunduma mpaka upite Mbalizi. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa 2012, ni mzuri na mpana kuliko ule wa zamani wa mjini, ila ukungu mzito ukishuka ndege inaweza kushindwa kutua, na kila anayeutumia analijua hilo. Kisha kusubiri Dar hadi usiku, kusubiri tena Doha. Tangu shangazi afunge mlango wake hadi anakanyaga London zilipita saa 29, na tangu akabidhi sanduku Dar alikuwa hana dawa.

Kwa hiyo naona tunawakosea wazee wetu tunapowasomea umbali wa uwanja hadi uwanja. Mzee anapanga chakula, dawa na usingizi kwa namba tunayompa sisi. Tumpe ya mlangoni hadi mlangoni, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mjomba naye anasafiri mwezi ujao, njia ileile. Safari hii nimemwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, saa ya kutoka nyumbani, kila kituo, na saa za kumeza vidonge. Ameikunja mara mbili, ameiweka ndani ya pasipoti.