Aliyeniliza mimi ni baba

Mwandishi, hapo uliposema Lassie Come Home ya 1943 ni filamu ya kuliza watoto tu, sikubaliani nawe. Aliyenikaba koo ni yule baba. Yuko Yorkshire, Uingereza, kazi hana, ndani hakuna kitu, anamuuza mbwa wao Lassie kwa tajiri kisha anajikaza mbele ya mwanawe. Sisi tulioona mbuzi tuliyemlea akipelekwa mnadani ili ada ilipwe, baba huyo tunamjua. Halafu mbwa, aliyepelekwa Uskoti na tajiri huyo, anatoroka huko, anatembea mpaka kwenye lango la shule ya yule mtoto! (Huyo Lassie jike, kwa taarifa yenu, aliigizwa na dume aitwaye Pal.) Mwigizaji Elizabeth Taylor naye yumo, bado mtoto, ila macho yangu yalikuwa kwa mbwa.