Kioo cha sambusa

Jamani mi nina gari, Toyota Spacio nyu modo, mwaka wa sita huu nakaa nayo, na katika miaka yote hiyo kuna kioo kimoja sijawahi kukitazama hata siku moja. Kile kidogo cha nyuma pembeni, ukishapita mlango wa abiria, kabla hujafika kioo kikubwa cha buti. Hakishuki, hakifunguki, na aliyekaa siti ya nyuma hakioni mpaka ageuze shingo kama bundi. Kipo tu. Kama yule mjomba wa vikao vya harusi, hachangii hela wala hoja, ila siku asipokuja kila mtu anamuulizia.

Sasa mwezi wa nne ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya nyumbani, na masika si mnaijua, majani ya uani yalikuwa yameshafika magotini. Mama Neema akasema Baba Neema, wanajumuiya watadhani tunafuga nyoka humu, fyeka. Fyekeo lipo nyuma ya mlango wa jiko. Mimi nikajifanya mtu mkubwa, nikasema mambo ya fyekeo yamepitwa, nikamwita kijana mmoja wa mtaani ana ile mashine ya kukatia majani, ile ya kuvaa begani inayolia kama pikipiki imekabwa, tukakubaliana elfu kumi na tano. Kabla hajawasha akaniuliza, mzee, gari si ungesogeza kidogo?

Hapa ndo naomba tuelewane, maana ndo kipande ambacho bado naulizwa nyumbani mpaka leo. Nilikuwa nimeshavua viatu. Nimeshika kikombe cha chai, chai ya moto. Nikamwambia we fyeka bwana, hayo ni majani sio mawe.

Nadhani alifyeka dakika tatu. Wala kioo hakikupiga kishindo kama mnavyofikiria, nilisikia tu shwaaa, kama mtu amemwaga sukari kwenye sinia, nikadhani ni jikoni. Natoka nje nakuta kijana kazima mashine anaangalia chini kama mtu aliyefiwa, na pale penye mjomba pana tundu. Kijiwe chenyewe tulikuja kukiokota juu ya siti, ukubwa wa mbegu ya ubuyu. Nikatafuta neno la kumwambia, akaniwahi: "Mzee mi nilikwambia." Na elfu kumi na tano yake akaidai, na nikampa, maana majani alikuwa kayamaliza upande ule na shahidi wake alikuwa mke wangu.

Nilichojifunza ni kwamba vile vioo vya pembeni sio kama kile cha mbele. Cha mbele kina vioo viwili na nailoni katikati, kama mkate wa siagi, kikipigwa kinachora nyufa lakini kinabaki palepale unaendelea na safari. Hivi vya pembeni vimepikwa kwenye moto mkali vikapozwa ghafla, vigumu kweli, unaweza kugonga na ngumi ukaumia wewe, ila vikipata jiwe dogo lenye ncha vinakata tamaa vyote kwa mpigo. Havibaki hata kona. Na vinavunjika vipunje vipunje ili visimkate mtu, jambo jema hilo, ila vipunje vyenyewe ni kama chumvi ya mawe na vimeingia kila mahali, nyuma nilikuwa na kilo kumi za mchele wa Kyela mdomo wazi. Mchele ule tumeuchambua wiki nzima, punje moja moja, kama tunasahihisha mitihani. Neema yeye aliokota vyake akaviita almasi, akaenda navyo shule akabadilishana na biskuti, nikaitwa na mwalimu.

Nikampigia mtu wa bima. Nimemlipa miaka yote sijawahi kumsumbua. Akaniuliza una bima kubwa au ndogo, nikasema ndogo. Akacheka kwa upole, kile kicheko cha kumhurumia mtu, akasema mzee, hiyo inamlinda utakayemgonga, wewe mwenyewe haikujui. Yaani ningekuwa nimerusha lile jiwe kwenye gari ya jirani labda tungeongea. Ya kwangu, pole.

Mawingu yanajikusanya, tundu liko wazi, natafuta nailoni ya kuziba. Hapo ndo nikakumbuka kwamba nchi hii mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni mosi 2019, zamani kila droo ilikuwa na rambo hamsini zimekunjwa ndani ya rambo moja kubwa, leo unapewa ule mfuko mbadala wa kitambaa kitambaa, mvua unapitisha kama chandarua. Nyumba nzima tukapata rambo moja tu, nyeusi, ipo kabatini imebeba cheti cha ndoa, kadi za kliniki na hati ya kiwanja. Mama Neema akaitoa kama anatoa figo. Akasema ukiirudisha imechanika utajua mwenyewe pa kuweka ndoa yako.

Nikaibandika na selotepu ya kahawia, jumuiya ikaja, tukasali, mwenyekiti wakati wa matangazo akasema tumwombee na mwenzetu kwa msiba wa gari. Watu wakacheka, mi nimekalia kipunje kimoja kimenasa kwenye suruali sijacheka vizuri.

Jumatatu natoka Goba naenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea za magari, kusaka kioo. Jamani rambo ukiwa spidi thelathini ni rambo, ukifika sitini ni ngoma. Pa-pa-pa-pa-pa mpaka Ubungo, redio sisikii, simu sisikii, mawazo yangu mwenyewe sisikii. Pale kwenye foleni trafiki akanisimamisha, nikajiandaa kisaikolojia na ile elfu thelathini ya faini, nikashusha kioo, shikamoo afande (umri wake mdogo wangu kabisa ila siku hiyo nilisalimia tu). Akazunguka gari, leseni sawa, matairi sawa, taa sawa. Akafika kwenye rambo akasimama. Akaigusa. Akaniuliza, "Mzee, huu mfuko unautoa wapi?" Yaani gari halina kioo yeye anaulizia mfuko! Nikaanza kumweleza habari za cheti cha ndoa na hati ya kiwanja, nilivyofika kwenye kadi za kliniki akanirudishia leseni akasema nenda, nenda mzee, katafute kioo.

Gerezani sasa. Ukiwa na gari Dar utafika Gerezani, hata uwe mcha Mungu vipi. Side mira nilishanunua hapo mara mbili, na ya pili nina uhakika ilikuwa ni ya kwangu ile ya kwanza, maana ilikuwa na mkwaruzo wa geti la kwetu, sikusema kitu, nililipa nikapigiwa ribiti nikaondoka. Ila kioo hiki tatizo lake ni moja, hakina jina. Nafika duka la kwanza nasema nataka kioo cha Spacio, cha mlango? Hapana, kile kidogo. Cha mlango wa nyuma, kile cha pembetatu? Hapana, nyuma zaidi. Cha buti? Mbele ya buti. Muuzaji ananiangalia kama nimemtegea kitendawili. Duka la pili wakaniambia hicho ni kota. La tatu wanasema kona. Kuna mzee mmoja kakaa juu ya injini anakula muhogo kanisikiliza mpaka mwisho akasema ahaa, unataka kipofu. Kwa nini kipofu? "Si hakifungui jicho." Mimi mwenyewe nilishachoka, duka la tano nikachora hewani kwa kidole nikasema kimekaa kama sambusa iliyokanyagwa, kijana akasema subiri, akapanda juu ya dari akashuka nacho. Kumbe lilikuwa ni suala la lugha tu.

Bei laki na themanini. Nikadhani ananitajia ya vioo vyote. Kioo cha mlango, kikubwa, kinachopanda na kushuka, chenye kazi yake inayoeleweka, kilikuwa hapo pembeni kinauzwa elfu sabini! Nikamuuliza inakuwaje kidogo kinazidi kikubwa, akanijibu bila hata kunitazama, anapangusa vumbi, kwamba cha mlango watu wanavunja kila siku kwa hiyo vinaletwa vingi, hiki hakivunjiki mara kwa mara ndo maana adimu, na kimegandishwa na gundi kwenye bodi, kukitoa kwenye gari bovu bila kukipasua ni kazi ya nusu siku. Halafu akaongeza, "Na wewe umekivunjaje?" Nikamwambia bei ya mwisho. Tulifika elfu tisini na tano baada ya mimi kuondoka mara mbili na kurudi mara mbili. Vioo vyangu vya nyuma ni vyeusi vile vya kutoka navyo kiwandani, hiki cheupe, yaani gari limekuwa chongo, lakini mzee wa muhogo akasema hilo sio tatizo utabandika tinti.

Fundi akapatikana hapohapo, elfu ishirini na gundi yake. Kwanza aliikata gundi ya zamani kwa wembe pole pole, anakwangua huku anaimba, vipunje vingine vikamwagika kutoka kwenye mpira, kila nikidhani vimeisha vinatoka vingine. Akapaka gundi yake, akakisukuma kioo kwa viganja viwili, akakivisha maskintepu kama bandeji, akaniambia mzee mpaka kesho usifunge mlango kwa nguvu ukiwa umepandisha vioo vyote, hewa inabanwa ndani itakisukuma nje. Usioshe gari. Usipite matuta haraka. Naenda Goba mimi! Kwetu kutoka lami mpaka nyumbani ni tuta moja refu lenye mashimo katikati.

Njiani nanusa harufu. Siki. Gari zima linanukia kachumbari, nikasimama nikakagua buti nikidhani Mama Neema kasahau chupa. Kufika nyumbani jirani yangu ambaye ni fundi bomba kainamisha pua pale kwenye kioo akasema hii mbona ni silikoni yetu, ile ya kuzibia masinki. Kumbe gundi ya vioo vya gari ni nyingine kabisa, nyeusi, inavutika kama bablish na haina habari za siki, hii ya masinki kwenye rangi ya gari inashika kwa kubembeleza na bati chini yake inaweza kulila kutu. Kwa hiyo nimefungiwa kioo kwa teknolojia ya choo.

Mvua ya Jumatano ikathibitisha. Maji hayakuingia kwa fujo, hapana, yaliingia kistaarabu, tone, tone, tone, yanateleza ndani ya bodi yanatokea kwenye mkanda wa siti ya nyuma kushoto, anapokaa mama mkwe. Nikatafuta fundi mwingine, huyu wa kweli, ana ile bunduki ya gundi na kichupa cha dawa ya kupaka kwanza, akakitoa kwa waya mwembamba wameshika watu wawili huku na huku wanavuta kama wanapasua mbao, akasafisha silikoni yote, akafunga upya, elfu arobaini na tano. Hesabu mnayo wenyewe, mi nilishaacha kuijumlisha.

Huyu ndo alinionyesha. Alivyokipangusa akasema mzee, hiki kioo kina namba. Nikatazama, kweli, pale chini kwenye kona kumechorwa namba ya gari, si unajua tunavyochora namba kwenye vioo na taa ili wezi wasitamani, sasa hii sio yangu. Mtu alijaribu kuifuta na msasa akachoka njiani. Namba yangu ni ya herufi D, hiyo ni ya C iliyotangulia, yaani kioo kimezoea barabara za Dar kabla ya gari lenyewe. Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa nusu, nikiona trafiki nageuza gari nimwonyeshe upande wa kulia. Tinti nikabandika kuificha, tinti ya elfu kumi, baada ya jua la wiki tatu imekuwa ya zambarau na imefanya malengelenge, na namba inaonekana vizuri kuliko mwanzo.

Juzi sasa niko sheli naweka mafuta ya elfu ishirini, naona jamaa mmoja mtu mzima, kashika mfuko wa nyanya, anazunguka gari langu. Kapita mbele, karudi nyuma, kainama kwenye kioo cha sambusa kama anasoma gazeti. Moyo ukaanza pa-pa-pa kama ile rambo. Nikashuka nikamsalimia kwa heshima zote, nikaanza kujieleza kabla sijaulizwa, kwamba nilinunua Gerezani mchana kweupe, dukani, mashahidi wapo, kuna mzee wa muhogo.

Akaniambia tulia kaka, mi sina neno. Hiyo namba ilikuwa ya gari yangu, Spacio kama hii, iliniharibikia injini nikaiuza skrepa kwa mikono yangu. Akakipapasa kile kioo taratibu kwa kiganja, mpaka nikaona aibu kusimama pale. Nikamuuliza kama anataka kupiga nacho picha, akasema hapana, hapana. Akachungulia ndani kwenye siti ya nyuma kushoto, akaangalia mkanda, akanigeukia:

"Vipi, na kwako kinavuja?"