Kreti la Soda kwa Sababu ya Goti la Mjerumani

Ukoo wa mke wangu umenitoza faini ya kreti moja la soda kwa makosa mawili: la kwanza ni kujiandikia barua, na la pili ni kupandisha sauti mbele ya mama mkwe. La pili sitalizungumzia, kwa kuwa mashahidi walikuwa wengi. La kwanza nalikataa hadharani, na kwa vile kwenye kikao sikuachwa nijitetee hadi mwisho, nitajitetea hapa, nikiwa nimekaa na chai yangu, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza kwa kusema, "Hebu subiri kwanza, mzee anaongea."

Mimi ni mkusanyaji wa kadi za mpira, zile zenye picha, zilizotiwa saini na wachezaji na makocha wastaafu. Wenzangu wana bao, wana mikeka ya kubeti, wana mambo mengine ambayo wake zao wanayajua na yale ambayo hawayajui. Mimi nina bahasha. Utaratibu wake ni wa kiungwana kabisa. Unatafuta kadi ya mchezaji, unamwandikia barua fupi kwa mkono, unamkumbusha mechi moja tu uliyoipenda bila kumwaga sifa kama mshereheshaji wa harusi, kisha ndani ya bahasha hiyo unaweka bahasha ya pili, yenye jina lako, anwani yako na stempu ya nchi yake, ili mzee wa watu asihangaike na lolote zaidi ya kutia saini, kufunga na kutuma. Ndiyo maana barua ikirudi, inarudi kwa mwandiko wangu mwenyewe. Huu si uchawi. Watu wa Ulaya na Marekani wamefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na huko Ujerumani klabu zenyewe huchapa kadi za wachezaji wao mahususi kwa ajili ya kutiwa saini, na kuwapa mashabiki bila malipo.

Tatizo langu ni sanduku la posta. Mambo ya masanduku mnayajua wenyewe, sina haja ya kuyaeleza. Mimi natumia S.L.P. ya mahali anapofanya kazi shemeji yangu, na ufunguo anakaa nao yeye, kwa hiyo kwa miaka yote hii nimelazimika kucheka kila kichekesho chake, kikiwemo kile cha mbuzi aliyepanda daladala.

Jumamosi iliyopita shemeji alikuta sandukuni bahasha kutoka Ujerumani. Mtu mwingine angenipigia simu. Shemeji alimpigia baba mdogo wa mke wangu, na baba mdogo, ambaye alistaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo lakini mahakama haijamstaafu yeye, akaitisha kikao. Nilipofika nilikuta viti vya plastiki vimeshapangwa, mama mkwe ameketi katikati, na bahasha yangu iko juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa. Tulianza kwa sala.

"Baba," akaniambia baba mdogo, "sisi hatuna nia mbaya. Tunataka tu kujua unasafiri lini."

Nikamwambia sisafiri. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyezoea kudanganywa na watuhumiwa. Akainyanyua bahasha, akaielekeza kwenye taa ili asome kilichomo ndani, na papo hapo umeme ukakatika, jambo ambalo wajumbe wawili walilitafsiri kuwa ni dalili. Uchunguzi ukaendelea kwa tochi ya simu. Ikabainika kwamba stempu ni ya Ujerumani, muhuri ni wa Ujerumani, lakini mwandiko ni wa kwangu, na shemeji akatoa kama kielelezo orodha ya michango ya harusi ya mdogo wake, ambayo niliiandika mimi, ili herufi zilinganishwe. Zikalingana. Shangazi mmoja akauliza kwa upole kama nina mtoto huko. Mwingine akasema huenda nimeshinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akakumbushwa kwamba Marekani na Ujerumani si nchi moja, akajibu kwamba viza ni viza. Mke wangu, anayejua habari za kadi hizi mwanzo hadi mwisho, alikuwa anatazama dari, na hadi leo hajanieleza alikuwa anatafuta nini huko.

"Ifunguliwe," akaamuru baba mdogo, ingawa kwa macho yangu niliona kwamba ilikwisha kufunguliwa. Shemeji alieleza kwamba ilijifungua yenyewe kwa sababu ya unyevunyevu.

Ikatoka kadi yangu. Ni beki aliyecheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, katika miaka ya 70, na jina lake nalihifadhi ili mzee asifurikiwe na bahasha za watu wenye haraka. Nywele zimefika mabegani, bukta ni fupi kuliko inavyoruhusiwa kwenye kikao cha ukoo, na saini yake, kwa kalamu ya wino mzito wa buluu, imeanzia pajani ikaishia kwenye goti la kushoto. Ilikuwa nzuri. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa na yenye mkunjo wa watu waliosoma zamani, na zilizofuata zilikuwa zinatetemeka kidogo, kama unavyotarajia kwa mtu wa umri ule.

"Amekutumia kiasi gani?" akauliza mama mkwe.

"Hajatuma fedha, Mama. Ametuma saini."

"Saini ya hundi?"

"Saini tupu, Mama."

Pakawa kimya. Baba mdogo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miaka yote niliyokaa mahakamani," akasema, "nimeona watu wakisaini hati, wakisaini dhamana, wakisaini hata wasichokijua. Sijaona mtu akisaini goti lake mwenyewe."

Hapo ndipo shemeji, kwa nia njema ambayo Mungu anaijua, aliposema, "Mbona mzungu amekuharibia picha, shemeji?" akalamba kidole gumba, akasugua.

Naomba nieleze kitu kwa wasiojua. Kadi hizi zina uso unaong'aa, na uso unaong'aa haupendi wino. Kabla ya kuituma huwa naisugua taratibu kwa pamba yenye poda ya mtoto ili kuondoa utelezi, poda ambayo mke wangu huihesabu na kuniuliza inakwenda wapi ilhali mtoto wetu wa mwisho yuko kidato cha pili. Lakini poda humsaidia mwandishi tu. Haimzuii mtu mwenye mate. Herufi ya mwisho ilitoka gotini ikateremka hadi kwenye soksi. Nami nikasema nilichosema.

Mtu asiyesubiri hawezi kuelewa. Hawa wazee wanaondoka. Waingereza Gordon Banks alifariki mwaka 2019 na Bobby Charlton mwaka 2023, Wajerumani Beckenbauer na Brehme mwaka 2024, mmoja Januari na mwingine Februari. Mimi siku hizi nikisikia mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili akianza na "mchezaji wa zamani wa", moyo unasimama kabla hajataja nchi. Halafu uchukue muda wote huo, uombee afya ya mtu asiyejua hata kama upo, akujibu kwa mkono wake unaotetemeka, si kwa mashine ya kusaini wala kwa mkono wa katibu wake, kisha apite mtu na kidole gumba! Kreti la soda! Mimi ndiye niliyestahili kulipwa kreti.

Mwenye nyumba aliposikia habari za Ujerumani alikuja siku ya pili yake kuulizia kodi ya miezi sita.

Na msidhani kwamba Uingereza ni afadhali. Mtoto wa shangazi yangu alinitumia kutoka London stempu nyingi zenye kichwa cha Malkia, nikazitunza kwenye kopo la biskuti kwa matumizi ya uzeeni, kisha Waingereza wakaamua kwamba kuanzia mwaka 2023 stempu za kawaida zisizo na msimbo wa mistari pembeni hazifai tena, ukitaka uzirudishe ubadilishiwe, yaani nitume barua kuomba stempu za kutuma barua. Zilikuwepo pia zile kuponi za kimataifa za majibu, ambazo mtu aliyeko nje hubadilishia stempu za kwao. Marekani iliacha kuziuza mwaka 2013. Kila njia anayoweza kupita maskini mwenye bahasha, kuna mtu amekaa mlangoni.

Nimeanza kufikiria kuachana na wa mbali niwaandikie wa kwetu. Taifa Stars ya mwaka 1980, ile iliyokwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, nahodha Leodegar Tenga, Peter Tino akiwa ndiye aliyefunga bao la Ndola, kule Zambia, lililotupeleka huko. Tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, na hatukurudi tena kwenye mashindano hayo hadi mwaka 2019. Stempu ni za hapa hapa. Ila kadi sijawahi kuziona, kwa hiyo lazima nizitengeneze mwenyewe, na kijana wa steshenari ameniambia karatasi aliyo nayo ni ile inayong'aa tu, na kwamba ile picha ya gazeti niliyompelekea, kama sitajali, anaweza kuiongezea mandhari ya maporomoko ya maji nyuma. Nimemwambia Lagos haina maporomoko. Amesema wateja wengi huyapenda, na kwamba akiyaondoa bei inapanda.