Mhadhara Mbashara Usiwe Uti wa Mgongo wa Masomo Mseto

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wahadhiri wengi walifanya lililokuwa karibu: walichukua kipindi cha saa mbili wakakihamishia Zoom, programu ya mikutano ya video, kama kilivyo. Dharura imepita, mtindo umebaki, na sasa ndio tunaouita masomo mseto, yaani ya darasani na mtandaoni kwa pamoja. Hapo tumekosea, na anayelipia kosa ni mwanafunzi, tena kwa bando lake.

Tupige hesabu. Kikao cha video cha watu wengi kinaweza kula zaidi ya MB 800 kwa saa. Vipindi vitatu vya saa mbili kwa wiki ni karibu GB 5, kwa somo moja tu. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula MB 14 hivi kwa saa. Maelezo ya dakika 20 pamoja na slaidi zilizobanwa vizuri hayafiki MB 10. Mwanafunzi aliyeko Newala anayapakua alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, kisha anayasikiliza mara tatu bila kulipa tena.

Kwa hiyo rekodi kwanza, vipande vya dakika 10 hadi 15, kila kimoja hoja moja. Simu inatosha: iweke kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge maiki, katika chumba chenye mapazia au makabati ya vitabu. Ukumbi mtupu wa saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi hauondoki ukisharekodiwa.

Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, pakia faili lenyewe. Video ya YouTube iliyopachikwa kwenye ukurasa haipakuliki pamoja na kozi, hivyo mwanafunzi asiye na mtandao hukuta nafasi tupu. Jaribio nalo linaweza kufanywa nje ya mtandao kupitia programu ya simu, mradi mwalimu aruhusu hivyo kwenye mipangilio na asiweke kikomo cha dakika. Wengi hawafungui kabisa ukurasa huo wa mipangilio.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya utaratibu huu tangu enzi za vitabu vya kozi: somo humfikia mwanafunzi kwanza, kukutana ana kwa ana hufuata. Saa za darasani ni adimu, zitumike kwa maabara, mazoezi na mabishano ya hoja.

Gumu kuliko yote ni kufundisha walio darasani na walio mtandaoni kwa wakati mmoja. Maiki ya kompyuta mpakato haimnasi vizuri mwalimu aliye mita nne ubaoni, na swali la mwanafunzi wa nyuma halisikiki kabisa. Inahitajika maiki ya kubana kwenye nguo, mwalimu arudie kila swali kabla ya kulijibu, na mtu mwingine asome ujumbe wa walio mbali. Chuo kisichoweza hayo kigawe vipindi viwili, kimoja cha darasani na kingine cha mtandaoni.

Jambo jingine, dogo lakini linaumiza: mwisho wa kukusanya kazi usiwe Jumapili saa 5:59 usiku. Wote hupakia dakika za mwisho, mfumo huelemewa, na hakuna wa kupigiwa simu. Weka Jumatano saa 9 alasiri, fundi wa mfumo akiwa ofisini.