Viboko wa Ishasha si nyama iliyopotea

Tangu picha za viboko waliokufa katika mto Ishasha, ndani ya Parke ya Virunga mpakani mwa Kongo na Uganda, zianze kuzunguka kwenye simu zetu, mwezi wa nne mwaka 2025, kuna maneno yanayonifuata kila mahali. Hapa Goma nimeyasikia Birere, nimeyasikia ndani ya basi la kwenda Katindo, nimeyasikia hata mlangoni mwa kanisa: "Nyama yote ile inapotea bure!" Watu wanatazama mizoga inaelea, tumbo juu, miguu imekakamaa, na kitu cha kwanza kinachowajia ni sufuria. Nimeshindwa kunyamaza.

Tumalize kwanza suala la hatari. Viboko wale, wasiopungua 50, pamoja na nyati, waliuawa na kimeta. Ugonjwa huo hauchagui mnyama wala mtu. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, vikingoja ng'ombe wa kulisha pale ama mtu wa kuchuna ngozi. Atakayekata kipande cha mzoga wa namna hiyo akakipeleka sokoni anauza kifo. Mzoga wa kimeta ni wa kufukiwa chini kabisa, basi.

Lakini hata kama wangekufa kwa risasi na nyama ikawa safi, bado ningekasirika. Kwa sababu sisi wa Goma tunakula kiboko kila wiki bila kumchinja. Tunamla ndani ya tilapia.

Mchana kiboko analala majini, pua na masikio tu ndiyo yanaonekana. Jua likizama anapanda ukingo na kula majani usiku kucha, hadi kilo 40. Alfajiri anarudi ziwani na mengi ya majani yale yanatokea humo, mavi anayoyatawanya kwa mkia huku na huku. Maji yanapata mbolea, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinaota, na tilapia anakula vimea hivyo. Hakuna tajiri anayelipia kazi hiyo, hakuna mradi uliokuja na magari yake kuianzisha. Kiboko anachukua rutuba ya nchi kavu kila usiku na kuitia katika Ziwa Edouard, na ziwa linaturudishia samaki. Mvuvi wa Vitshumbi hahitaji mwalimu wa kumweleza hayo, wala wa Nyakakoma, wala wa Kyavinyonge.

Sasa hesabu viboko. Miaka ya 1970 Parke ya Virunga ilikuwa na zaidi ya 20,000, kundi kubwa ambalo wageni walitoka mbali kuja kulitazama. Zikaja vita. Kila aliyeshika bunduki, wa jeshi au wa msituni, alijua kwamba kiboko mmoja ana uzito wa tani na zaidi, na meno yake yana mnunuzi. Kufikia mwaka 2006 walibaki mamia machache tu. Miaka karibu ishirini ya kuwalinda, ambayo magardi, walinzi wa Parke, waliilipia kwa damu, iliwarudisha hadi 1,200 hivi. Halafu kimeta kikachukua 50 kwa siku chache. Katika kila viboko 24, mmoja ameondoka. Na jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya miezi minane.

Mla mla leo, mla jana kala nini? Nyama ya viboko wale elfu kwa elfu ililiwa, ikaisha kwa miaka michache. Aliyeiuza hakujenga, aliyeila ameshasahau ladha yake. Njaa iliyobaki ni ya wajukuu.

Nendeni soko la Virunga hapa mjini mkaangalie samaki wa Vitshumbi aliyekaushwa kwa moshi. Amepasuliwa mgongoni, amekuwa mweusi, macho yamezama, na mara nyingi hapiti urefu wa kiganja. Mama mmoja anayeuza hapo tangu mimi sijaolewa alimgeuza mmoja kwenye sinia, akaniambia: "Mwanangu, hii zamani hatukuiuzaga. Tulikuwa tunapatia watoto wachezee." Hakusema kwa kulalamika. Alisema huku anatafuta mfuko wa kunifungia, maana ndiyo samaki aliyonayo na ana watoto wa kusomesha.

Nakubali, si viboko peke yao. Nyavu za matundu madogo zinazoa hata vitoto vya samaki, mitumbwi imezidi, na pale tilapia anapozalia, mwenye silaha anatoza ushuru watu wavue. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtu wa kando ya Parke ana haki ya kumchukia kiboko. Usiku mmoja unatosha kumaliza shamba la mahindi. Mtumbwi unapinduliwa, baba harudi. Mipaka ile iliwekwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1925 bila kumuuliza babu wa mtu yeyote, na hadi leo anayeharibiwa mazao hubaki kuhangaika kutafuta wa kumsikiliza. Hayo ni kweli, na wanaotetea wanyama bila kuyataja wanatuharibia kazi. Lakini dawa ya shamba lililokanyagwa ni uzio na fidia. Kumaliza viboko kunamnyima mkulima yuleyule mboga ya kulia ugali wake.

Kuna wanaosema Parke ni ya wazungu. Umeme wa Matebe, kituo cha Parke kinachouzalisha kwa maji ya mto Rutshuru, unawaka katika nyumba zetu hapa Goma. Na magardi zaidi ya 200 waliouawa walikuwa wana wa mama zetu. Sina la kuongeza hapo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tumefundishwa kumpenda mnyama mmoja tu. Ndakasi, gorila yatima wa Rumangabo, alipofariki mwaka 2021 mikononi mwa mlezi wake, dunia nzima ilimlilia, nami nililia. Alistahili. Gorila wa milimani leo wamepita 1,000 katika nchi zote tatu, Kongo, Rwanda na Uganda, kwa sababu wamepata walinzi, madaktari na fedha. Kiboko hana jina. Hakuna mgeni anayelipa mamia ya dola apande mlima kwenda kukaa naye saa moja. Kwa hiyo akifa, hata sisi tunaoishi kwa jasho lake tunaona nyama. Mwezi huohuo wa nne mwaka 2025 Parke ilitimiza miaka 100, na zawadi yake ilikuwa mizoga ile mtoni.

Ninayoyataka si makubwa. Redio zetu za hapa, ambazo mama wa soko anazisikiliza tangu alfajiri, zitaje kimeta kwa Kiswahili cha kueleweka, zirudie kila siku ugonjwa unapozuka: usiguse mzoga, chemsha maji, ng'ombe wako wachanjwe. Waganga wa mifugo wa pande zote mbili za Ishasha wapeane habari siku mnyama wa kwanza anapoanguka, maana mto ule ndio mpaka na kiboko havuki na pasipoti. Wauza samaki wa Goma na wavuvi wa Vitshumbi waitwe kila wanapokaa watu kuzungumzia wanyama wa Parke. Biashara yao ndiyo inayokufa. Na wewe unayeletewa nyama ya kiboko kwa siri mlangoni, imefungwa kwenye majani ya mgomba, bei nafuu, usiinunue. Mwambie aliyeileta kwa nini, na umwambie kwa sauti ambayo jirani ataisikia.